Kuhesabu Kurudi Nyuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yanahusu hesabu inayotangulia kuruka kwa roketi, ile inayoanza na namba kubwa na kuishia kwenye sifuri, pamoja na namna ilivyohamia katika habari za siasa, za michezo na za maisha ya kawaida. Majibu hayalingani kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Kuhesabu kurudi nyuma ni nini hasa katika urushaji wa roketi?

Ni utaratibu wa kazi uliopangwa kwa saa. Watu wengi hudhani kwamba ni kipimo cha muda uliobaki tu, lakini kwa wahandisi kila namba imebeba kazi yake, na kazi hiyo haianzi mpaka ile iliyotangulia ithibitishwe kuwa imekamilika. Katika saa za mwanzo hukaguliwa mitambo ya umeme na ya mawasiliano. Baadaye wafanyakazi huondolewa kwenye jukwaa la kurushia, matangi hujazwa mafuta, wanaanga huingia chomboni na kufungwa mikanda ikiwa ni safari yenye watu, kisha mlango hufungwa na kupimwa kama unavujisha hewa. Namba kumi za mwisho, ambazo ndizo zinazosikika redioni na kwenye televisheni, ni sehemu ndogo sana ya orodha hiyo.

Fasili ninayoishika katika majibu yote yanayofuata ni kwamba hesabu hii ni orodha ya masharti iliyofungwa kwenye saa, na kwamba kila sharti moja lina uwezo wa kuisimamisha saa hiyo.

Kwa hiyo hesabu haianzii kwenye kumi?

La. Kwa shuttle za Marekani, yaani vyombo vya anga vilivyorudi ardhini na kurushwa tena, vilivyoruka kuanzia mwaka 1981 hadi 2011, hesabu ilianzia kwenye saa 43, nayo ilianza kusoma takriban siku tatu kabla ya kuruka. Msomaji makini atauliza papo hapo jinsi saa 43 zinavyoweza kuenea siku tatu. Zilienea kwa sababu saa ilikuwa ikisimamishwa kwa makusudi, tena mara kadhaa, hata pale ambapo hakuna kilichoharibika.

Kwa nini saa isimamishwe ilhali hakuna hitilafu yoyote?

Kwa sababu waliopanga ratiba walijua kwamba kazi huchelewa. Vali hugoma kufunguka, kipimo hutoa jibu linalotia shaka, mtu huhitaji kurudia ukaguzi. Na kama hesabu ingekuwa ya moja kwa moja, ucheleweshaji wa dakika tano asubuhi ungemaanisha kuruka dakika tano baadaye, pengine katika wakati ambao njia ya angani haifai tena. Visimamo viliwekwa ndani ya ratiba tangu mwanzo ili aliyechelewa apate pa kufidia bila kuisogeza saa ya kuruka.

Katika hesabu ya shuttle kilikuwapo kisimamo cha dakika 10 saa ilipofika dakika 20 kabla ya kuruka, na kingine kirefu zaidi ilipofika dakika 9. Hapo kwenye dakika 9 wasimamizi wa mifumo waliulizwa, mmoja baada ya mwingine, kama wako tayari, na kila mmoja alitakiwa kutamka wazi kukubali au kukataa. Jambo hilo halikuamuliwa kwa wingi wa kura. Aliyekataa alisikilizwa, na saa ikabaki pale ilipo mpaka hoja yake ishughulikiwe.

Si kila roketi ina nafasi ya namna hiyo. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX ya Marekani, hujazwa oksijeni na mafuta yaliyopoozwa kupita kawaida, na ujazaji huanza takriban dakika 35 kabla ya kuruka. Vimiminika hivyo vikikaa kwenye matangi hupata joto na kupoteza ile faida ya kupoozwa. Inapokuwa roketi hiyo inapeleka chombo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambako wakati wa kuruka ni nukta moja tu kwa siku, kusimamisha saa katika dakika za mwisho kwa kawaida humaanisha kurudi siku nyingine.

Herufi T inayosikika kwenye matangazo ina maana gani?

Inawakilisha muda, kutokana na neno la Kiingereza. “T kutoa sekunde 10” maana yake ni sekunde 10 kabla ya tukio lililowekwa kuwa sifuri, na baada ya kuruka saa hiyo hiyo huendelea kwa “T kujumlisha”, ambapo namba hupanda badala ya kushuka. Shirika la anga la Marekani, NASA, hutumia pia herufi L kwa muda halisi uliobaki hadi kuruka, visimamo vikiwa vimejumuishwa. Ndiyo maana mtangazaji anaweza kusema kwamba T imesimama kwenye dakika 9 huku L ikiendelea kupungua, naye asiwe amejichanganya hata kidogo.

Nini hufanyika katika dakika za mwisho kabisa?

Nitaendelea na shuttle kwa kuwa hatua zake zinajulikana vizuri. Baada ya kisimamo cha kwenye dakika 9, kompyuta za ardhini ndizo zilizosimamia mfuatano wa kazi, kwa sababu vipimo vilikuwa vingi na vya haraka kuliko uwezo wa mtu kuvifuatilia. Ilipofika sekunde 31 kompyuta za chombo chenyewe zilikabidhiwa hesabu. Ilipofika sekunde 16 maji yalianza kumwagwa kwa wingi kwenye jukwaa, kwa ajili ya kupunguza nguvu ya sauti ambayo ingeweza kukiharibu chombo na mzigo wake. Katika sekunde 6.6 injini kuu tatu ziliwashwa moja baada ya nyingine kwa tofauti ndogo mno, na kompyuta zikapata muda huo mfupi wa kuhakikisha kwamba zote zimefikia nguvu inayotakiwa. Kwa msukumo wa injini hizo chombo kizima kiliinama kidogo, kisha kikarudi wima.

Kiliporudi wima ndipo ilipofika sifuri. Roketi mbili za pembeni, za mafuta yabisi, ziliwashwa, na boliti zilizozishikilia kwenye jukwaa zikapasuliwa. Roketi ya mafuta yabisi ikishawaka haizimiki mpaka mafuta yaishe. Maana ya sifuri katika chombo kile ilikuwa basi ya kiufundi kabisa, kwani ndipo mahali ambapo uwezo wa kusimamisha ulikoma.

Je, hesabu imewahi kusimamishwa injini zikiwa tayari zimewaka?

Ndiyo, na kwa shuttle ilitokea mara tano. Ya kwanza ilikuwa ya chombo Discovery, tarehe 26 Juni 1984. Iliyofika karibu zaidi na sifuri ni ya Endeavour tarehe 18 Agosti 1994, ambapo kompyuta zilizima injini zikiwa zimebaki sekunde 1.9, kwa sababu ya joto lililozidi kwenye pampu mojawapo. Endeavour iliruka salama tarehe 30 Septemba mwaka huo huo.

Tukio ambalo mimi hulirejea zaidi ni la miaka ya nyuma, tarehe 12 Desemba 1965. Wanaanga wa Marekani Walter Schirra na Thomas Stafford walikuwa wameketi ndani ya chombo Gemini 6, hesabu ikafika sifuri, injini za roketi ya Titan zikawaka, kisha baada ya zaidi kidogo ya sekunde moja zikazimika. Plagi ya umeme iliyopaswa kuchomoka wakati roketi inapoinuka ilikuwa imechomoka mapema, kwa hiyo saa ya ndani ya chombo ilianza kusoma kana kwamba safari imeanza. Kwa mujibu wa taratibu, saa kuanza na injini kuzima kulimaanisha kwamba huenda roketi imeinuka kidogo na inakaribia kuangukia jukwaa ikiwa imejaa mafuta, na wanaanga walitakiwa kuvuta mpini wa viti vya kujirusha nje. Schirra hakuuvuta. Mwili wake haukuhisi roketi ikiinuka, akaliamini hilo kuliko saa iliyokuwa mbele ya macho yake. Alikuwa sahihi, kwani roketi haikuwa imesogea. Walipochunguza injini waligundua pia kifuniko cha vumbi kilichosahauliwa ndani yake, ambacho kingezizuia kufikia nguvu kamili hata kama plagi isingechomoka. Siku tatu baadaye waliruka.

Je, saa yenyewe inaweza kukosea na kusimama bila sababu?

Inaweza, ingawa “bila sababu” ni kauli ya kuangaliwa. Apollo 17, safari ya mwisho ya wanadamu kwenda Mwezini katika mpango wa Apollo, ilipangwa kuondoka usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba 1972. Saa ilisimama yenyewe ikiwa imebaki sekunde 30. Mtambo uliokuwa ukiongoza hatua za mwisho ulishindwa kutoa amri ya kuongeza shinikizo katika tangi moja la oksijeni. Watu wa chumba cha udhibiti waliliona hilo na kufanya kazi hiyo kwa mikono, lakini mtambo haukuwa na kumbukumbu ya kazi ambayo haukuiagiza wenyewe, kwa hiyo ulikataa kuendelea. Tangi lilikuwa sawa. Orodha ndiyo iliyokuwa na pengo. Iliwachukua saa 2 na dakika 40 kuhakikisha kwamba wanaweza kulipita pengo hilo bila hatari, na roketi ikaruka.

Hesabu ikifika sifuri bila kikwazo, je, ni uthibitisho kwamba kila kitu ni salama?

Hapana. Hesabu hukagua yale tu yaliyoandikwa ndani yake. Tarehe 28 Januari 1986 shuttle Challenger ilicheleweshwa saa mbili, barafu iliyotanda kwenye jukwaa ikakaguliwa, wasimamizi wakaulizwa na kukubali, na namba zikashuka hadi sifuri kwa utaratibu. Usiku uliotangulia wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni walikuwa wametahadharisha kwamba baridi ingedhoofisha pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi hizo, lakini hoja yao ilizimwa katika mkutano wa simu kabla haijawa sharti la kuisimamisha saa. Chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na wanaanga saba wakafariki. Anayetaka kuilaumu hesabu ajue kwamba yenyewe ilitimiza kila ilichopewa.

Nani alibuni kuhesabu namna hii?

Umaarufu wake ulianzia kwenye sinema kabla ya kufika kwenye majukwaa ya kweli. Mwaka 1929 mwongozaji Fritz Lang alionyesha mjini Berlin filamu yake “Frau im Mond”, inayohusu safari ya kwenda Mwezini, akisaidiwa kwa ushauri na Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa elimu ya roketi. Filamu ile ilikuwa bubu. Lang alihitaji njia ya kumfanya mtazamaji asiyesikia chochote ajue hasa ni lini roketi itaondoka, akaandika namba za kushuka kwenye skrini mpaka amri ya kuondoka. Wahandisi walioanza kurusha roketi kubwa baadaye walikuta utaratibu huo unawafaa kwa sababu zao wenyewe, wakaujaza kazi.

Inanifurahisha kwamba hesabu ilizaliwa kwa ajili ya kusisimua watu, ikafanywa chombo cha kazi, kisha magazeti yakairudisha kwenye kusisimua watu.

Kwa nini kurudi nyuma, wakati watoto huanza mbio kwa “moja, mbili, tatu”?

“Moja, mbili, tatu” inafaa kwa sababu wote wamekubaliana tangu zamani kwamba mwisho ni tatu. Mtu mgeni akisikia “kumi na saba, kumi na nane” hawezi kujua kama mwisho ni ishirini au mia. Namba zinaposhuka, hata aliyeingia katikati anajua tukio liko wapi na limebakiza kiasi gani. Kwa kundi la mamia ya watu walio kwenye vyumba tofauti, wakiwasiliana kwa vipokea sauti tu, hilo si jambo dogo.

Je, Warusi nao huhesabu kumi hadi sifuri?

Kwa desturi yao, hapana. Saa wanayo, na muda wa kuruka hupangwa kwa usahihi mkubwa, lakini kinachotamkwa ni majina ya hatua. Amri ya kwanza ya dakika za mwisho huhusu ufunguo, nao ni ufunguo wa kweli unaoingizwa kwenye mtambo na kuzungushwa. Hufuata hatua za kusafisha mabomba, kufunga njia za kupumulia za matangi, kuwasha injini, kisha viwango vitatu vya nguvu: cha awali, cha kati na kikuu. Yuri Gagarin, mwanadamu wa kwanza kufika angani, alipoondoka kwenye kituo cha kurushia roketi cha Baikonur tarehe 12 Aprili 1961, saa 3:07 asubuhi kwa saa za Moscow, hakusikia kumi, tisa, nane. Alisikia hatua hizo zikitajwa, naye roketi ilipoinuka akasema “Poyekhali!”, yaani twende zetu.

Nadhani utaratibu wa Kirusi unaonyesha waziwazi zaidi kile ambacho hesabu ya Kimarekani inakificha nyuma ya namba.

Kwa maana ya kitamathali, usemi huu una maana gani?

Anayeandika kwamba “hesabu ya kurudi nyuma kuelekea uchaguzi imeanza” anataka kusema mambo matatu kwa pamoja: tukio lina tarehe, tarehe hiyo iko karibu, na kila siku inayopita inaongeza joto. Mpaka hapo tamathali inafanya kazi yake. Tatizo ni kile kinachoongezwa kimyakimya, yaani kwamba tukio haliepukiki. Msikilizaji wa kawaida anakumbuka “tatu, mbili, moja” na moto unaofuata. Hakumbuki kisimamo cha kwenye dakika 9, wala hajasikia habari za Apollo 17. Kwa hiyo usemi uliozaliwa mahali ambapo mtu mmoja mwenye shaka aliweza kuizuia roketi nzima umefika kwenye lugha ya kila siku ukiwa na maana ya jambo ambalo hakuna awezaye kulizuia.

Tofauti yake na “siku zinahesabika” na “lala salama” ni ipi?

“Siku zake zinahesabika” hutazama mwisho wa mtu au wa kitu, na mara nyingi ni mwisho mbaya: utawala unaokaribia kuanguka, kocha anayekaribia kufukuzwa. Hakuna tarehe maalumu, na hakuna anayejiandaa. “Lala salama” ilitoka kwenye mpira, katika dakika za mwisho za mchezo, ikaenea hadi kwenye kampeni za uchaguzi. Inasisitiza jitihada za mwisho za wale ambao bado wanaweza kubadili matokeo. Kuhesabu kurudi nyuma hutazama mwanzo. Roketi inaondoka, maonyesho yanafunguliwa, bwawa linaanza kuzalisha umeme. Mwandishi anayevichanganya hivi vitatu huishia na sentensi kama “hesabu ya kurudi nyuma ya kuanguka kwake imeingia lala salama”, ambayo msomaji ataielewa, lakini atakuwa ameielewa kwa kumsaidia mwandishi.

Tamathali hii inafaa zaidi wapi?

Inafaa pale ambapo sifuri inajulikana na ipo kazi ya kufanywa kabla yake. Mfano mzuri ni mwaka 2000. Programu nyingi za kompyuta zilikuwa zimeandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kwa hiyo 00 ingeweza kusomwa kama 1900. Tarehe ya mwisho haikuweza kuahirishwa na kiongozi yeyote, na orodha ya mifumo ya kurekebishwa ilikuwa ndefu. Anayesema kwamba miaka ile ya mwisho ya karne ilikuwa hesabu ya kurudi nyuma anasema kweli kwa kila upande wa neno. Jijini Paris, mbele ya Kituo cha Georges Pompidou, iliwekwa hata saa iliyoonyesha sekunde zilizobaki kufika mwaka huo, kuanzia mwaka 1987. Ile saa ilikuwa pambo. Hesabu ya kweli ilikuwa mezani kwa waandika programu.

Inafaa pia kwa mitihani, kwa harusi, kwa uzinduzi wa daraja. Kwa ujauzito hali ni ya kuchekesha kidogo, kwa kuwa wakunga na madaktari huhesabu wiki kwa kupanda, kuelekea 40, huku familia ikihesabu zilizobaki kwa kushuka. Wote wanazungumzia siku moja.

Na inapotosha wapi?

Kwanza, kwenye vita. Tarehe 29 Novemba 1990 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 678, lililoipa Iraki hadi tarehe 15 Januari 1991 kuondoka Kuwait, na kuziruhusu nchi zinazoshirikiana na Kuwait kutumia njia zote zinazohitajika baada ya hapo. Azimio lilitoa ruhusa, halikuwasha injini. Kati ya ruhusa na mashambulizi kulikuwa na watu wenye majina na vyeo ambao walipaswa kuamua, na waliamua. Mwandishi akisema kwamba katika wiki zile dunia ilikuwa “ikihesabu kurudi nyuma kuelekea vita”, anawafuta watu hao kwenye sentensi na kuiacha saa peke yake iwe mtendaji. Ningemshauri aandike nani alitishia nini na kufikia lini.

Pili, kwa mgonjwa. Kusema kwamba familia imeanza kuhesabu kurudi nyuma ni ukatili, hata kama msemaji hakukusudia, kwa kuwa tamathali hii imebeba shangwe ya mwanzo na watu waliokusanyika kutazama. Kiswahili kina njia za staha za kulitaja jambo hilo.

Tatu, kwa makataa ambayo kila mtu anajua yatasogezwa. Mradi ulioahirishwa mara nne haustahili hesabu ya siku kwenye kichwa cha habari. Hapa wenye roketi wanaweza kutufundisha uungwana: Artemis I, safari ya majaribio ya NASA ya kuelekea Mwezini bila watu, iliahirishwa tarehe 29 Agosti 2022 kwa wasiwasi wa joto la injini, ikaahirishwa tena tarehe 3 Septemba kwa kuvuja kwa haidrojeni, na kila mara sababu ilitajwa hadharani. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba watu watatu walipelekwa hadi chini ya roketi iliyojaa mafuta kukaza boliti za vali iliyovuja, na ndipo ikaruka.

Saa ya Kiama ni aina ya kuhesabu kurudi nyuma?

Inafanana nayo kwa sura tu. Saa hiyo ilianzishwa mwaka 1947 na jarida la Bulletin of the Atomic Scientists, ikiwekwa dakika 7 kabla ya usiku wa manane, na usiku wa manane ukiwakilisha maangamizi ya dunia. Haitembei yenyewe, wanaoisimamia huisogeza wanapoona hatari imeongezeka au imepungua. Mwaka 1991, baada ya Vita Baridi kumalizika, ilirudishwa hadi dakika 17. Hesabu ya roketi hurudishwa nyuma pia inapobidi, kwa mfano kutoka sekunde chache hadi kisimamo kilichotangulia ili mitambo ipangwe upya, lakini haina maoni juu ya hali ya dunia. Kwa wanaotafuta tamathali ya hatari inayoweza kupungua, Saa ya Kiama inawafaa zaidi.

Kusubiri katika kisimamo kuna maana yoyote ya kitamathali?

Inapaswa kuwa nayo, na ninashangaa kwamba waandishi hawaitumii. Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika angani, alikaa ndani ya chombo chake kwa zaidi ya saa nne asubuhi ya tarehe 5 Mei 1961 huku hesabu ikisimama na kuanza tena kwa sababu ya mawingu na ya hitilafu ndogondogo. Safari yenyewe ilichukua takriban dakika 15, kwa hiyo haikuwa imepangiwa huduma ya haja ndogo. Ikabidi ajisaidie ndani ya suti, na hatimaye akawahimiza mafundi watatue tatizo lao dogo na kuiwasha roketi. Mazungumzo ya amani yaliyosimama, muswada uliorudishwa kwenye kamati, timu inayongoja kibali cha mchezaji wake mpya: yote haya ni hesabu iliyo kwenye kisimamo. Kusema hivyo kunamweleza msomaji kwamba maandalizi hayajafutwa, kwamba namba imebaki pale ilipokuwa, na kwamba kuna mtu anayetakiwa kusema “tayari”.

Katika kuandika, nitumie “hesabu ya kurudi nyuma”, “kuhesabu kurudi nyuma” au “zimebaki siku kadhaa”?

“Kuhesabu kurudi nyuma” hutaja kitendo, na “hesabu ya kurudi nyuma” hutaja utaratibu wenyewe. Zote mbili ni sahihi. Hesabu huanza, husimama, huendelea, hurudishwa na hufika sifuri. “Zimebaki siku 12” ni kauli ya kawaida isiyo na tamathali, na katika vichwa vingi vya habari ndiyo inayotosha. Ukishaamua kutumia tamathali, basi ieleze sifuri ni tukio gani na ni nani mwenye mamlaka ya kuisimamisha saa kabla haijafika.